Maswali ya Wasomaji: Viza ya Matembezi na Kazi ya Ughaibuni

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: je, mtu anaweza kuingia nchi ya watu kwa viza ya matembezi, akatafuta kazi, akabaki huko? Jibu hutegemea nchi unayokwenda, tarehe unayokwenda, na karatasi uliyoshika mkononi.

Nimehudumu katika hoteli za Diani miaka minne. Wakala ananiambia niende Dubai kwa viza ya siku 60, nikipata kazi viza itabadilishwa hukohuko. Anataka nilipie tikiti, viza na "ada ya kazi". Ni halali? (Mhudumu wa hoteli, Kwale)

Wakala amechanganya la kweli na la uongo. Ni kweli kwamba katika Falme za Kiarabu viza ya matembezi inaweza kubadilishwa kuwa ya kazi bila wewe kutoka nchini, na kwenda kwenye usaili si kosa. Uongo ni hiyo ada. Sheria ya kazi ya nchi hiyo, yaani Amri ya Shirikisho namba 33 ya 2021 iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe waziwazi au kwa mlango wa nyuma. Tikiti na viza ya matembezi utalipa mwenyewe kwa kuwa unakwenda kutafuta kwa hiari yako. Kibali cha kazi, kipimo cha afya na kitambulisho cha ukaazi ni mzigo wa mwajiri. Anayekutoza "ada ya kazi" kabla hujaonana na mwajiri anakuuzia kitu asicho nacho.

Asikuuzie pia "viza ya kutafuta kazi". Ipo kweli, ilianzishwa 2022, ya siku 60, 90 au 120, na haihitaji mdhamini. Lakini imewekewa sharti la shahada na ngazi za juu za ujuzi. Kama huna shahada, si yako.

Ukiamua kwenda, zihesabu siku zako kwa kurudi nyuma. Ukishasaini ofa, kampuni huomba kibali cha kazi wizarani, kisha kibali cha kuingia cha ajira, kisha inabadilisha hadhi yako ndani ya nchi. Baada ya hapo unapimwa damu na kupigwa picha ya kifua, unachukuliwa alama za vidole, unapewa kitambulisho. Saa ya viza ya matembezi husimama pale hadhi inapobadilishwa. Kufaulu usaili hakuisimamishi, wala kusaini ofa. Wengi huangukia hapo: ofa wanayo, lakini kampuni inajivuta na siku zinakwisha. Jiwekee wiki tatu za hatua hizo, maana yake ofa iwe mkononi kabla ya siku ya 40. Ukifika siku ya 45 huna ofa, kazi yako iliyobaki ni kupanga safari ya kurudi au kulipia nyongeza ya viza mapema, kabla haijaisha.

Chagua na mwezi wa kwenda. Hoteli na mikahawa ya Dubai hujaza nafasi kuelekea msimu wa baridi, unaoanza Oktoba na kuishia Aprili. Anayetua mwishoni mwa Agosti au Septemba hukuta milango mingi wazi kuliko anayetua Juni, au katikati ya Ramadhani.

Kuhusu fedha, tangu 2024 wasafiri wa viza ya matembezi wamekuwa wakiulizwa uwanjani waonyeshe dirhamu 3,000 au kadi ya benki yenye uwezo, tikiti ya kurudi na mahali pa kulala. Hizo ni za kuonyesha; za kutumia ni nyingine. Kitanda katika chumba cha watu kadhaa, maeneo kama Deira, kifanyie makadirio ya dirhamu 800 kwa mwezi. Chakula cha kujipikia, 600. Kadi ya Nol, yaani ya nauli ya usafiri wa umma, ya mwezi kwa kanda zote ni 350. Kwa siku 60 hiyo ni dirhamu 3,500 bila simu, bila kuchapisha wasifu, bila dharura. Na kitanda chenyewe ukione kwanza kabla ya kulipa. Mwaka 2025 Manispaa ya Dubai iliingia Al Rigga, Al Muraqqabat, Satwa na kwingineko kubomoa vyumba vilivyogawanywa kwa mbao bila kibali, na waliokuwa wamelipa kodi ya mwezi walijikuta nje.

Pima afya nyumbani kabla ya kukata tikiti. Kipimo cha ukaazi kinaangalia VVU na kifua kikuu, na majibu mabaya huko yanafuta ajira na kukurudisha nyumbani. Ni heri ujue ukiwa Kwale.

La mwisho kwako, nalo ni zito kuliko yote. Mwajiri akikwambia "anza kesho, viza tutaishughulikia", usivae sare. Hata ikiitwa "majaribio ya siku tatu". Kumfanyisha kazi mtu asiye na kibali kunamweka mwajiri kwenye faini ya dirhamu 100,000 hadi milioni 1 tangu sheria ilipokazwa Agosti 2024, na wewe unaweza kufukuzwa nchini na kuzuiwa kurudi. Juu ya hayo, mshahara wako haupiti kwenye mfumo wa benki unaosimamiwa na wizara, kwa hiyo ukidhulumiwa huna hata karatasi moja ya kuonyesha ulifanya kazi.

Nimetumiwa barua ya ofa kwa WhatsApp. Kufungasha bidhaa ghalani, dirhamu 4,500 kwa mwezi, nyumba na chakula bure. Natakiwa kutuma dirhamu 800 za bima. Nitajuaje kama ni ya kweli? (Msomaji, Morogoro)

Dada, dirhamu 4,500 kwa kufungasha bidhaa ni chambo. Kazi hiyo hulipwa chini ya hapo sana, na nchi hiyo haina kima cha chini cha mshahara kwa wageni kinachoweza kuinyanyua. Hizo 800 usitume.

Ofa ya kweli ya kampuni iliyo chini ya Wizara ya Rasilimali Watu, inayojulikana kwa kifupi MOHRE, hutolewa kwenye fomu ya wizara yenyewe, Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, ikiwa na namba ya muamala inayoanzia na herufi MB. Chukua namba hiyo uiingize mwenyewe kwenye tovuti au programu ya MOHRE, sehemu ya kuulizia, ulinganishe jina lako, namba ya pasipoti, kazi na mshahara. Usibonyeze kiungo ulichotumiwa na wakala. Tovuti bandia zinafanana na ya kweli hadi rangi. Ukikwama, piga MOHRE 600590000. Kampuni zilizo ndani ya maeneo huru ya biashara hazitoi ofa kupitia wizara, kwa hiyo namba ikikosekana huko muulize msimamizi wa eneo huru lenyewe, kwa anwani uliyoitafuta wewe.

Karatasi ikishathibitika, isome mstari kwa mstari. Mshahara umegawanywa: wa msingi, kisha posho. Watu huangalia jumla tu, na hilo huwagharimu baadaye, kwa sababu kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza. Chukua jumla ya dirhamu 1,800. Ikiwa zote ni msingi, mwaka mmoja unakupa dirhamu 1,260 za kiinua mgongo. Ikiwa msingi ni 800 na posho 1,000, unapata 560. Saa za ziada nazo huhesabiwa juu ya msingi huohuo, pamoja na nyongeza ya asilimia 25 mchana au 50 kati ya saa 4 usiku na saa 10 alfajiri. Mkataba wako wa mwisho haupaswi kuwa chini ya ofa uliyosaini, hivyo piga picha kila ukurasa, uzitume kwa mtu wa nyumbani.

Angalia pia jina la kazi. Mtu aliyeahidiwa ukeshia kisha karatasi ikaandikwa usafi, atafanya usafi. Na majaribio hayaruhusiwi kuzidi miezi 6.

Mimi ni muuguzi, rafiki yangu ni dereva, mwingine mlinzi. Kwa viza ya matembezi nani ana nafasi? (Msomaji, Kampala)

Wewe muuguzi huna haja ya kwenda kukaa na njaa. Leseni yako huanzia nyumbani: vyeti kuhakikiwa na DataFlow, kampuni ya kukagua vyeti, kisha mtihani wa mamlaka ya afya ya mahali unapotaka, DHA kwa Dubai, DOH kwa Abu Dhabi, MOHAP kwa falme nyingine. Ukiwa na matokeo hayo, usaili utafanyiwa kwa video. Mlinzi wa Dubai anahitaji idhini ya SIRA, mamlaka inayosimamia kazi za ulinzi huko, na idhini hiyo hupitia kampuni inayomwajiri. Akikutana na kampuni inayodai alipie mafunzo mapema, aondoke. Dereva ndiye mwenye kazi ngumu: leseni ya Uganda haibadilishwi moja kwa moja, na mafunzo ya kule yanadai ukaazi kwanza. Atafute mwajiri atakayemchukua kwa kazi nyingine au atakayemsomesha, na mkataba useme gharama ya shule ni ya nani.

Wote watatu, vyeti vithibitishwe kabla ya safari: mamlaka ya elimu, wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu. Ukiwa kule, kuitafuta mihuri hiyo kwa mbali kunakula wiki nzima za viza yako.

Mdogo wangu amepata familia Muscat. Wamemtumia viza ya matembezi wakisema atabadilishiwa akifika. Mama anaogopa. (Kaka, Tanga)

Mama yuko sahihi. Oman ilisitisha tarehe 31 Oktoba 2023 kubadilisha viza za matembezi na utalii kuwa za kazi ndani ya nchi. Aliyeingia kwa matembezi lazima atoke, kisha arudi na viza ya kazi. Familia isiyojua hilo, au inayojua na kunyamaza, itambakiza mdogo wako ndani ya nyumba bila karatasi, na msichana wa kazi asiye na karatasi huogopa hata kwenda polisi akipigwa.

Waambieni watume viza ya kazi na mkataba wenye mshahara, siku ya mapumziko na jina kamili la mwajiri. Mkataba upite Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, na ubalozi wa Tanzania Muscat uwe na nakala kabla hajapanda ndege. Wakikataa, mwacheni nyumbani. Wasomaji wa Kenya waulize Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA, kama wakala amesajiliwa; wa Uganda, wizara yao ya kazi.

Viza yangu ya Dubai iliisha siku 23 zilizopita. Mwajiri anasema nisubiri. (Msomaji, Sharjah)

Usisubiri. Faini ni dirhamu 50 kwa siku, hakuna siku za huruma kwa viza ya matembezi, kwa hiyo leo unadaiwa 1,150 na ada za kutokea. Mwajiri akiwa mkweli, ombi la kibali chako lina namba. Mwambie akupe uikague MOHRE leo. Hana namba? Lipa utoke kabla wakala aliyekudhamini hajakuripoti kuwa umetoroka, maana ripoti hiyo ni shida kubwa kuliko faini. Msamaha uliotolewa kuanzia Septemba hadi Desemba 2024 umekwisha. Usijenge mipango juu ya kungoja mwingine.

Shemeji yangu alihamia Kanada kwa viza ya matembezi akapata kibali cha kazi hukohuko. Nami nifanye hivyo? (Msomaji, Eldoret)

Shemeji alitumia mlango uliofunguliwa Agosti 2020 na kufungwa tarehe 28 Agosti 2024. Mgeni wa leo anaweza kuonana na waajiri na kufanya usaili, lakini kwa kawaida ombi la kibali hulipeleka akiwa nje ya Kanada. Mwajiri mara nyingi hutakiwa kwanza kupata tathmini ya soko la ajira, LMIA. Ada yake ni dola 1,000 za Kanada, analipa yeye, haruhusiwi kukukata. Anayekuuzia LMIA anakuuzia kesi. Na ukiulizwa uwanjani umekuja kufanya nini, sema kweli. Kudanganya kwenye ombi au mbele ya afisa kunaleta marufuku ya miaka 5.

Kazi ya huduma kwa wateja Bangkok, dola 1,200, tikiti wanalipa wao, unaingia kama mtalii. (Kijana, Nairobi)

Usiende. Vijana wengi wa Kenya na Uganda walipitishwa njia hiyohiyo: wakapokelewa Bangkok, wakasafirishwa kwa gari saa kadhaa hadi Mae Sot, wakavushwa mto Moei kuingia Myawaddy, Myanmar, wakafungiwa kwenye majumba ya utapeli wa mtandaoni. Wakenya wengine walirudishwa nyumbani 2025. Dalili ni hizi: usaili wa maandishi tu, unapimwa kasi ya kuchapa badala ya ujuzi, na ofisi haina anwani hadi ufike. Kama kuna rafiki yako aliye tayari Thailand na gari linaelekea Mae Sot, ashuke kituo chochote chenye watu, apige polisi wa watalii 1155, kisha ubalozi wa Kenya Bangkok.