Nyambizi nne ndani ya mwaka mmoja, zilienda wapi?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nimesikia kwamba mwaka 1968 nyambizi nne za kijeshi zilipotea na watu wote ndani, kila moja ya nchi yake. Hivi chuma kikubwa vile kinapoteaje mazima? Washkaji huku wanasema ilikuwa vita ya siri, tunafichwa tu. – Msomaji, Tanga

JIBU: Nne ni kweli kabisa ndugu yetu. Dakar ya Israeli ilikuwa na watu 69, Minerve ya Ufaransa 52, zote mbili zimeondokea Mediterania mwezi wa kwanza, zimepishana siku mbili tu. Mwezi wa tatu ikafuata K-129 ya Wasovieti kule Pasifiki na watu 98, halafu mwezi wa tano Scorpion ya Marekani, watu 99, kusini magharibi mwa visiwa vya Azores. Hakuna hata mmoja aliyetoka hai.

Hiyo habari ya vita ya siri inatokana zaidi na hizi mbili za mwisho, kwamba Warusi waliizamisha Scorpion kulipa kisasi cha K-129. Ushahidi wa hilo haujawahi kuonekana, ila serikali zenyewe ndo zimechangia watu kuwaza hivyo, maana 1974 CIA, majasusi wa Marekani, walienda kimyakimya na meli kubwa wakanyanyua kipande cha K-129 kutoka chini, wakakuta miili ya mabaharia sita wakaizika baharini, na mkanda wa mazishi yale Warusi walikuja kukabidhiwa 1992. Miaka yote hiyo familia hazijui kitu! Hapo hata mimi ningeanza kuhisi mambo.

Sasa kupotea mazima, chukua Dakar. Ilinunuliwa Uingereza, iko safarini kwenda Haifa, mawasiliano yakakatika usiku wa tarehe 25. Mwaka mmoja baadaye, Februari 1969, mvuvi mmoja wa Khan Yunis, Gaza, akakuta boya la dharura la nyambizi hiyo limetupwa ufukweni, bado lina kipande cha kebo kama sentimita 65 hivi. Wataalamu wakalipima na kulichunguza, wakasema lilikaa limefungwa kwenye nyambizi karibu mwaka mzima kwenye maji ya kina kifupi, kwa hiyo nyambizi itakuwa imetoka nje ya njia yake, wakaanza kutafuta mbali kabisa huko miaka na miaka, hola. Mei 1999 ikaonekana katikati ya Krete na Saiprasi, palepale kwenye njia waliyopanga tangu mwanzo, karibu mita 3,000 chini. Yaani boya ndo liliwapoteza.

Na kina hicho si mchezo, kila ukishuka mita 10 presha inaongezeka kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo kwenye mita 3,000 kila eneo dogo kama kucha ya kidole linabeba kilo 300. Nyambizi ikishapitiliza kina ilichotengenezewa bodi inabonyea mara moja, hakuna muda wa kuita msaada. Ndo maana nini hasa kiliizamisha Dakar hadi leo hakijulikani kwa uhakika.

SWALI: Kwa teknolojia ya sasa nyambizi bado inaweza kupotea? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Inaweza, na imetokea juzijuzi tu. San Juan ya Argentina, Novemba 2017, watu 44. Waliripoti kwamba maji yameingia kupitia bomba la hewa yakafika kwenye betri zikapiga shoti, moto ukaanza, wakasema wameudhibiti wanaendelea na safari, baada ya hapo kimya. Vituo vinavyosikiliza majaribio ya mabomu ya nyuklia baharini vilinasa sauti kama ya mlipuko siku hiyohiyo, tarehe 15, na bado ilichukua mwaka mzima na siku mbili kuipata, mita 907 chini. Familia ziligoma kunyamaza kipindi chote hicho, na naziheshimu sana kwa hilo, bila wao msako ungeachwa.

Meli iliyoipata San Juan, Seabed Constructor, ndo hiyohiyo iliyoipata Minerve Julai 2019, mita 2,370 chini, kama kilomita 45 tu kutoka Toulon, Ufaransa. Na huko nako waliobana serikali mpaka ikakubali kutafuta upya ni familia, mtoto wa kapteni akiwa mbele, miaka 51 imeshapita.