Maswali ya Wasomaji: Spika Kongwe za Honi kwa Stereo ya Pili

SWALI: Stereo ya sebuleni inanitosha. Nataka ya pili kwenye chumba cha kusomea, mita 3.5 kwa 4, na moyo umeangukia spika kongwe za honi, zile zinazopitisha sauti kwenye mdomo unaopanuka kama tarumbeta. Nimepata Klipschorn, La Scala na Heresy, zote za kampuni ya Klipsch, za miaka ya 1970. Amplifaya ni ya vali (mirija ya kioo badala ya transista), wati 8 kila upande. Nichukue zipi, na nizipange vipi?

JIBU: Tazama kuta zako kabla ya kutazama jina la spika. Klipschorn, iliyotoka mwaka 1946, haina honi kamili ya besi ndani ya sanduku. Kuta mbili za kona ndizo zinazoimalizia. Kwa hiyo zinatakiwa kona mbili za ukuta mmoja, na kila kona iwe na ukuta mtupu wa zaidi ya mita 1 pande zote mbili, bila mlango. Sanduku lisipogusana na ukuta, besi inavujia kwenye mwanya. Vyumba vingi vinaishia hapo, na si aibu kuiacha.

La Scala ina honi yake nzima, haitegemei kona. Lakini honi hiyo ni fupi, ndiyo maana besi hupungua haraka chini ya hezi 60 hivi. Tena sanduku lina kina cha sentimita 60 na zaidi, na sauti za honi zake tatu zinahitaji karibu mita 3 ndipo ziungane zisikike kama kitu kimoja. Ukishatoa sanduku na kiti katika mita zako 4, umebakiwa na nafasi ndogo mno.

Chukua Heresy. Besi yake ni spika ya inchi 12 katika sanduku lililofungwa. Honi ni za sauti za kati na za juu tu, nazo huungana vizuri hata ukikaa mita 2.5. Wati 8 zinatosha kabisa. Heresy hutoa takriban desibeli 96 kwa wati 1. Spika ya desibeli 86 ingedai wati 80 ili ifikie sauti ileile. Ukitaka besi ya chini kabisa, ongeza sabufa (spika ya besi nzito pekee) baadaye.

Ziweke kwenye ukuta mfupi, zikiachana mita 1.8 hadi 2, mgongo sentimita 10 kutoka ukutani. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuziacha bapa sakafuni, honi zikaimbia magoti. Masikio yakiwa mita 1 juu, honi sentimita 40, na wewe mita 2.5 mbele, sanduku linahitaji kuinama nyuma nyuzi 13 hivi: weka kabari ya mbao ya sentimita 8 chini ya ukingo wa mbele. Kisha geuza spika ndani mpaka mistari ya zinakoelekea ikatane kama sentimita 30 mbele ya uso wako. Ukisogea kulia unaikaribia spika ya kulia lakini unatoka kwenye mstari wake, huku ukiingia kwenye mstari wa kushoto. Mwimbaji anabaki katikati.

Mwisho weka sauti ya mwanamume anayesoma habari. Ikisikika kama anaongea ndani ya pipa, ondoa spika kwenye kona, sentimita 10 kila mara. Ikikonda, zirudishe.

SWALI: Muuzaji anasema jozi yake "haijaguswa tangu kiwandani". Nikague nini kabla ya kulipa?

JIBU: Kwa sanduku na spika zenyewe hiyo ni sifa. Kwa krosova (sakiti inayogawa sauti za chini, za kati na za juu kwa spika zake) si sifa: kapasita za umri huo mara nyingi zimechoka, na sauti za juu hufifia polepole bila mwenyewe kugundua.

Nenda na maltimita. Chomoa waya mmoja wa kila spika iliyo ndani ya sanduku kabla ya kupima, kwa sababu transfoma ya ndani ya krosova itakudanganya kwa kuonyesha karibu sifuri. Spika ya besi ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, na za pande mbili zilingane. Isiposoma kitu, koili imekatika. Halafu tandaza vidole na usukume koni taratibu, sawasawa pande zote. Mkwaruzo ukisikika, koili inasugua sumaku, acha.

Cheza rekodi ya mono. Sauti isiposimama katikati na besi ikakonda, geuza nyaya za spika moja: besi ikirudi, moja ilifungwa kinyume. Upande mmoja ukiwa butu, badilishana nyaya za kulia na kushoto kwenye amplifaya. Ubutu ukibaki kwenye sanduku lilelile, tatizo ni twita (spika ya sauti za juu) au kapasita.

Kapasita badilisha za masanduku yote mawili kwa pamoja, zisizo na chanya wala hasi, kwa thamani ileile ya mikrofaradi. Ukiongeza thamani, sauti za chini zaidi zinapenya hadi kwenye twita, ambayo inabeba wati chache tu, na inaungua. Angalia pia gasketi kati ya yuniti (sehemu inayozalisha sauti) na honi: ikikauka, hewa inavuja. Lakini usiifungue sumaku ya alnico (aloi ya alumini, nikeli na kobalti) kwa ajili ya usafi. Ikitenganishwa inapoteza nguvu.

SWALI: Spika zangu za honi zinatoa "shhh" hata muziki ukiwa umesimama. Zimeharibika?

JIBU: Hapana. Zinakuonyesha kelele iliyopo siku zote kwenye amplifaya au kwenye chanzo cha muziki. Rudisha volyumu sifuri. "Shhh" ikitoweka, inazaliwa kabla ya volyumu: jaribu chanzo kingine. Ikibaki vilevile, inazaliwa ndani ya amplifaya, baada ya volyumu. Jaribu vali nyingine tulivu kwanza. Mvumo mzito wa "mmm" ni jambo tofauti: chomoa nyaya zote za kuingiza sauti, na ukikoma, tafuta kosa kwenye ethi ya vifaa vilivyounganishwa.