Simu moja yatosha

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha hesabu Jinja. Wanafunzi wanakariri sifa za duara na pembetatu, lakini wakitoka nje hawazioni. Nina simu moja tu. Picha zitanisaidia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zitasaidia sana. Anza na baiskeli ya boda iliyoegeshwa getini. Muombe mwenyewe ruhusa kwanza. Waipige picha ubavuni, kamera ikielekea kitovu cha gurudumu sawasawa. Kisha wasogee pembeni, wapige tena. Picha ya kwanza ni duara, ya pili duaradufu, na gurudumu ni lile lile! Hapo darasa langu hunyamaza kabisa. Usiwaharakishe, waache wabishane.

Halafu ichapishe ile ya kwanza. Wazungushe uzi kwenye ukingo wa tairi pichani, waupime kwa rula, wagawanye kwa kipenyo. Watapata karibu 3.14. Warudi kwenye baiskeli yenyewe wapime vilevile: jibu ni hilo hilo, ingawa picha yatoshea kiganjani.

Kenchi za paa, zile mbao zinazounda pembetatu, ziache wiki ya pili. Pembe zake wapime kwenye picha iliyopigwa mbele kabisa, kwani iliyopigwa kwa upande itawapotosha hata pembe mraba.