Miezi 8 kwa miaka 36: nendeni wote wawili

Dada, umesema una miaka 36, mmetafuta mtoto miezi 8, na mumeo hataki kupima kwa kuwa ana mtoto wa zamani. Kusubiri mwaka mzima ni kwa mwanamke wa chini ya miaka 35. Kuanzia 35 ni miezi 6. Ukifika 40, usisubiri kabisa. Nendeni hospitali mkapimwe sasa.

Mtoto wa zamani si kipimo. Homa kali, maambukizi au testosteroni za gym (homoni ya kiume ya kujaza misuli) hushusha idadi ya mbegu, na kipimo chake ndicho rahisi kuliko vyote. Akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga, akitoa sampuli asitumie kondomu wala mafuta ya kulainisha, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja bila kupoa. Majibu yakiwa mabaya arudie baada ya miezi 3 hivi, muda wa mbegu mpya kukomaa.

Umesema pia majibu yako yalionyesha projesteroni ndogo, yaani homoni inayopanda yai likishatoka. Hilo jibu silitegemei hata kidogo. Ulipimwa siku ya 21 na mzunguko wako ni wa siku 35! Hupimwa siku 7 kabla ya hedhi inayofuata, kwako kama siku ya 28.

Klomifeni, dawa ya kukomaza mayai, ya kujinunulia duka la dawa iache. Mirija ya uzazi ikiwa imeziba haisaidii kitu, na bila ultrasaundi hujui mayai mangapi yanakomaa. Na ukikosa hedhi, kisha tumbo likakuuma upande mmoja au ukazimia, kimbia hospitali saa hiyo hiyo: huenda mimba imetunga nje ya kizazi.