Mchungaji akianguka, kodi yake ya nyumba italipwa na nani?

Dada mleta uzi, Bwana asifiwe. Umesema mchungaji wenu hapo Kisauni, Mombasa, amekiri kuzini na muumini, ametubu mbele ya kanisa huku analia, na sasa wazee wamegawanyika. Kuna wanaotaka arudi madhabahuni mwezi ujao kwa kuwa Mungu amekwishamsamehe, na kuna wanaotaka afunge virago kabla ya Jumapili. Nimesoma majibu yaliyotangulia, karibu yote yanashindania mistari ya Biblia. Mimi ni mzee wa kanisa upande wa Changamwe, na jambo hili lilitukuta. Nitakwambia ambalo sijaona mtu akiligusa: pesa.

Wachungaji wengi wa makanisa yetu wanaishi kwa sadaka. Hawana pensheni, kodi ya nyumba inalipwa na kanisa, karo ya watoto inatoka kwenye kapu lile lile. Siku mnayomwambia "pumzika huduma" mmemwachisha kazi, yeye na mkewe na watoto ambao hawakumkosea mtu. Njaa haingoji toba ikomae. Ndiyo maana mtu anasimamishwa leo, na baada ya miezi michache unasikia amefungua kanisa lake Mtwapa: hema, spika, na bango lenye picha yake na mkewe. Watu husema ni kiburi. Mara nyingine ni kiburi kweli, lakini nimewajua ambao ilikuwa ni kodi tu.

Na si wachungaji maskini peke yao. Jimmy Swaggart, mhubiri wa televisheni wa Marekani, alilia mbele ya kamera Februari 1988 akikiri dhambi baada ya kukutwa na kahaba. Uongozi wa dhehebu lake, Assemblies of God, ukamtaka akae mwaka mzima bila kuhubiri, ndani ya miaka miwili ya kusimamiwa. Akakataa, akisema mwaka bila mahubiri ungeiua huduma yake ya televisheni. Wakamvua uchungaji mwezi wa Aprili, yeye akaendelea kuhubiri kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1991 akakutwa tena na kahaba. Machozi yake siwezi kuyahukumu, ila huduma iliyosimama juu ya sura ya mtu mmoja haikumpa nafasi ya kupona.

Sasa kwetu. Mchungaji wetu alianguka na dada aliyekuja kwake kwa ushauri wa ndoa. Alipokiri, wazee tulikaa mpaka usiku tukakubaliana kwamba madhabahuni hatapanda, hatashauri mtu, hatashika sadaka, na kanisa litalipa kodi na karo kwa mwaka mmoja. Jumapili ilipotangazwa, mama mmoja mwenye heshima zake, mwimbaji wa siku nyingi, alisimama akauliza: "Kwa hiyo wazee wangu, mshahara wa dhambi siku hizi ni kodi ya nyumba?" Kanisa zima likanyamaza. Mhazini wetu, mtu asiyependa maneno mengi, akamjibu, "Mama, tunalipa ili asihubiri." Sijasikia jibu bora kuliko hilo.

Mmoja wetu akamtafutia kazi ya kuhesabu mizigo kwenye godauni Shimanzi. Nilipita huko asubuhi moja nikamkuta na aproni ya vumbi, kalamu sikioni, anabishana na dereva wa lori juu ya magunia mawili yaliyopungua. Dereva alikuwa akimwita "we mzee" tu, hakuna "mtumishi" wala "baba". Nilimwona ametulia kuliko nilivyowahi kumwona akiwa na maikrofoni. Baadaye aliniambia kwamba tangu ana miaka ishirini na kitu hakuwahi kukaa mahali ambapo hakuna anayemtazamia awe mtakatifu.

Lakini kazi ngumu zaidi ilikuwa kwa yule dada. Hapa ndipo makanisa mengi yanaponiumiza roho. Mchungaji akianguka, maombi yote ni ya mchungaji, mikesha ni ya mchungaji, na mwanamke anaachiwa jina la Delila na kiti kitupu. Huyu alikuja na jeraha la ndoa yake, akamfungulia siri zake mtu aliyepaswa kuzilinda. Mizani haikuwa sawa tangu mwanzo, kwa hiyo tafadhali msiandike kwenye kumbukumbu kwamba "wawili walianguka" mkafunga daftari. Tuliwatuma kina mama wawili wamwendee kabla ya mkutano wowote kuhusu mchungaji, wamuulize anataka nini. Alitaka mambo mawili: asiambiwe asimame mbele ya kanisa, na mchungaji asikanyage tena kwao kuomba msamaha. Msamaha angeutoa siku yake ikifika. Tukaheshimu yote mawili, ingawa mchungaji alitamani sana kwenda. Tulimwambia toba yake isiwe mzigo mwingine kwa mtu aliyekwisha kumuumiza.

Mtu ameandika hapo juu "msiwaguse masihi wangu". Ndugu, Zaburi 105 inazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wanaotangatanga nchi za watu, ikionya wafalme wasiwadhuru. Haimkingi mchungaji wala mzee wa kanisa asiulizwe. Paulo kwenye 1 Timotheo 5 anataka mashahidi wawili au watatu kwanza, kisha wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Na wanaotaja Daudi, aliyezini akatubu, waendelee kusoma baada ya Zaburi ya 51, ile ya toba yake: alisamehewa siku ile ile nabii Nathani aliposema naye, na upanga haukuondoka nyumbani kwake. Msamaha ulikuja upesi. Matokeo yalikaa. Halafu Daudi alikuwa mfalme, si mchungaji wa kanisa. Askofu wa 1 Timotheo 3 anatakiwa awe na sifa njema hata kwa walio nje, na hiyo haipatikani kwa mwezi mmoja.

Kwa upande wa pili, wanaotaka afukuzwe wasome 2 Wakorintho 2. Paulo anawaambia adhabu ile yatosha, wamsamehe na kumfariji mtu yule asije akamezwa na huzuni. Kumfukuza bila mtu wa kumpigia simu ni kumtupa.

Sisi watu wa Kenya tumerithi kutubu hadharani kutoka kwa ndugu wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho wa Afrika Mashariki uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kufika kwetu mwaka 1937. Kuweka jambo nuruni tunajua. Wale ndugu walikuwa pia wanatembeleana wiki kwa wiki, wanaulizana moyo ukoje, na hilo ndilo tuliloliacha njiani. Wetu alipewa wanaume wawili, mmoja kutoka kanisa jingine kabisa, wa kumuuliza maswali magumu, na mkewe akapewa mama wa kukaa naye peke yake. Mama mchungaji huwa anasahauliwa kabisa.

Je, alirudi? Ilichukua zaidi ya miaka miwili. Alianza kwa kuomba kwenye ibada za nyumbani, kisha akahubiri mara chache alipoalikwa. Uongozi hakurudishiwa, na yeye mwenyewe hakuutaka. Wapo waliohama kwa ajili hiyo, wengine kwa sababu tulikuwa wakali, wengine kwa sababu tulikuwa laini.

Jambo moja halina mjadala: kama aliyeguswa ni mtoto wa chini ya miaka 18, au alilazimishwa, hiyo si kesi ya wazee. Ni polisi, kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na hospitali ndani ya saa 72. Hospitali Kuu ya Pwani wana kitengo cha waathiriwa. Hapo funika kombe mwanaharamu apite ni kushiriki uovu.

Kwa hiyo kwenye kikao chenu, kabla ya kupiga kura ya arudi au aondoke, mwombeni mhazini aseme kanisa linaweza kumlipia kodi kwa muda gani. Ulizeni nani amekwenda kwa yule dada, na amesema nini. Na kama namba ya M-Pesa ya sadaka imesajiliwa kwa jina la mchungaji, ibadilishwe wiki hii. Barua ya makubaliano tuliyosaini naye ninayo. Ukiihitaji nitaiweka hapa bila majina.