Damu Imekata, Nikae Matamba au Nihame?

Shikamoo mama. Naishi Matamba, wilaya ya Makete. Mtoto wangu wa kwanza nilimpata kwa upasuaji, na sasa nina mimba ya wiki 29. Majuzi nikiwa nafua niliona damu inachuruzika mguuni, nyingi tu, lakini sikusikia maumivu popote. Tulishuka Chimala nikalazwa, damu ikakata yenyewe. Altrasaundi imeonyesha kondo la nyuma limekaa chini na limefunika mlango wa kizazi. Nimeambiwa nisikae mbali na hospitali kubwa. Mume wangu anasema kwa kuwa siumwi, tusubiri uchungu ndipo tushuke. Mama mkwe anasema kondo hupanda lenyewe, ana mizizi ya kulisaidia, na kwamba sisi wa siku hizi tunapenda kupasuliwa. Na viazi viko shambani. Je, ni kweli litapanda? Nikae au nihame?
Mama J., Matamba

Marahaba mwanangu. Hama. Nimelitanguliza hilo usije ukaitwa jikoni kabla hujafika mwisho.

Nilikuwa mkunga wilayani Rungwe mpaka nilipostaafu, na jambo hili nililihudumia kwa wengine kabla halijanifika mwenyewe, mimba yangu ya tatu, mwaka 1998. Nilikuwa nimesimama najaza kadi za kliniki, nikahisi uvuguvugu mapajani, nikadhani chupa imepasuka. Kutazama chini, soksi zangu nyeupe za kazi zimelowa damu nyekundu ya kung'aa. Hakuna kilichouma. Mtoto alikuwa anacheza tumboni kama kawaida yake. Kutouma huko ndiko kunakowadanganya wanaume wetu, maana wao wamezoea kwamba mgonjwa ni yule anayelia.

Mwambie mumeo hivi. Uchungu anaousubiri ndio wakati mbaya kuliko wote. Mlango wa kizazi ukianza kufunguka, kondo lililokaa juu yake linabanduka, na pale linapobanduka mishipa inabaki wazi. Damu inayotoka ni yako wewe, na hewa na chakula cha mtoto vinapita humo humo kwenye kondo. Kwa hiyo kondo likiwa bado limefunika mlango, mtoto hatoki kwa njia ya kawaida, hata awe mdogo kiasi gani. Upasuaji hupangwa mapema, mara nyingi wiki ya 36 au 37 kama mambo yametulia, ili uchungu usitangulie.

Mama mkwe ana nusu ya ukweli, nami sitaki umvunjie heshima. Kondo halitembei, lakini sehemu ya chini ya kizazi hutanuka mimba inavyokua, na ukingo wa kondo ukajikuta uko juu zaidi. Wengi wanaoambiwa kwenye wiki ya 20 kwamba kondo liko chini, wakipimwa tena wiki ya 32 wanakuta limeshaachana na mlango. Wewe lako limefunika mlango na kizazi chako kina kovu, kwa hiyo matumaini hayo ni madogo, ingawa hayajaisha. Rudia altrasaundi wiki ya 32, na ya 36 ukiwa hujajifungua. Mizizi, hapana. Dawa nyingi za kienyeji wanazopewa wajawazito hukaza kizazi, na kizazi kikikaza ndipo kondo linapobanduka. Mpokee kwa mikono miwili, mshukuru, uiweke darini.

Hilo kovu ndilo linalonifanya nikuhimize. Kondo likikaa juu ya kovu la upasuaji wa zamani, wakati mwingine huota mizizi ndani ya nyama ya kizazi na haliachii mtoto akishatoka. Hapo damu hutoka kwa kasi, na madaktari huweza kulazimika kutoa kizazi kuokoa maisha. Sikutishi. Nataka umuulize daktari bingwa wa uzazi, kwa maneno haya haya: "Je, kondo limeshika kwenye kovu langu?" Altrasaundi nzuri mbele ya mtaalamu huweza kuonyesha dalili zake. Ndiyo maana ningependa ukajifungulie penye bingwa, benki ya damu na chumba cha upasuaji kisicholala. Ikonda iko wilayani kwenu. Ukiwa na ndugu Mbeya mjini, kuna kitengo cha wazazi cha Meta. Kapange chumba karibu, au uliza kama wana nyumba ya kusubiria wazazi. Kutoka kwako Matamba mpaka Chimala ni zile kona 57. Mvua ikishika, ukungu umeshuka, saa nane za usiku, gari limetafutwa nusu saa na wewe unatoka damu? Viazi avune wifi.

Mimi nilihamia kwa shangazi, Mbeya. Aliniwekea godoro chumba cha mbele karibu na mlango, na mkoba wangu ukaning'inia kwenye msumari: kadi ya kliniki, kanga tatu, pamba, nauli. Sikulala mchana kutwa. Kulala tu hakuzuii damu kutoka, na miguu isipotembea damu huganda kwenye mishipa. Nilichambua maharage, nikaenda kanisani taratibu. Nilichoacha ni kubeba ndoo, kulima, safari za mbali, na tendo la ndoa. Hilo la mwisho mwambie mumeo leo, mapema, asije akadhani umemchoka.

Siku moja damu ilirudi nikapelekwa zahanati moja ya jirani. Kijana wa zamu akavaa glavu anipime njia imefunguka kiasi gani. Nilimshika kifundo cha mkono nikamwambia, "Mwanangu, kondo liko mlangoni, kidole hakiingii hapa." Alirudi nyuma akaita gari. Nawe popote utakapofika, kabla hujapanda kitandani, sema hivyo kwa sauti, na kadi iwe mkononi. Kipimo cha vidole kinaweza kulitoboa kondo. Altrasaundi haina shida, hata ile ya kupitia ukeni ikifanywa na mtaalamu.

Damu ikitoka tena, hata kijiko, usisubiri ikate. Piga 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito wa dharura. Lalia ubavu. Kanga na pamba zilizolowa usizitupe, nenda nazo, nesi akadirie umepoteza kiasi gani. Usile chochote njiani. Ukiwa hujafikisha wiki 34, huenda ukachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, zikubali. Na uliza kundi lako la damu: likiwa hasi (negative), kuna sindano nyingine unayotakiwa kupata ukitoka damu. Vidonge vya kuongeza damu vimeze hata vikikukera tumbo, maana anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na damu ya kutosha ana pa kupungukia.

Mwanangu wa mwaka ule ni fundi magari Tunduma. Simu hapigi.

Mama, mke wangu ana tatizo la kondo kukaa chini, tumeambiwa tutafute wachangia damu. Kundi langu halifanani na lake. Nitafaa?
Baba K., Mafinga

Utafaa, baba. Damu yako ikiingia benki, yeye anapewa inayomfaa, na yako inamfikia mwingine. Uwe na miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, umekula, na miezi mitatu iwe imepita tangu uchangie mara ya mwisho. Kwa wanawake ni minne. Watakupima wingi wa damu kwanza, kisha damu uliyotoa hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Nenda na shemeji zako sasa, siku ya upasuaji isifike mkiwa bado mnapigiana simu. Na damu haiuzwi. Akikutajia mtu bei, panda ofisini kwa mganga mfawidhi ukamwambie.