Umeniuliza ufukara, nakusimulia saa

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Baba yako naye ameisoma barua, akairudia akiwa amevaa miwani, kisha akasema swali hili ni la mama. Kwa hiyo najibu mimi.

Umeuliza jambo moja na umelipigia mstari. Hawa ndugu Wafransisko wa leo, wenye nyumba imara, gari uani na simu mfukoni, bado wanaishi ufukara wa Mtakatifu Fransisko wa Assisi, mwanzilishi wao, au limebaki jina na kanzu? Unataka kujua kabla hujapeleka barua ya kuomba kupokelewa.

La haraka kwanza. Swali lako ni kongwe kuliko simu. Kanuni ya maisha ya ndugu hao, aliyoithibitisha Papa Honori III tarehe 29 Novemba 1223 inawakataza ndugu kupokea fedha, wao wenyewe au kwa kumpitia mtu mwingine, na inawataka wasijitwalie chochote: si nyumba, si mahali, si kitu. Fransisko akafa 1226. Mwaka 1230 Papa Gregori IX alishaombwa aamue kama Wasia wa Fransisko, maneno aliyowaachia kabla ya kufa, unawafunga ndugu kisheria, akasema hauwafungi. Mwaka 1279 Nikolasi III akasema mali wanazotumia ni za Kanisa la Roma, wao ni watumiaji tu. Mwaka 1322 Yohane XXII akaukataa mpango huo. Mwaka 1517 Leo X akawatenganisha Wakonventuali, tawi moja la ndugu hao, na wenzao waliotaka kuishika Kanuni kwa ukali zaidi, na 1528 wakatokea Wakapuchini, tawi jingine, nao wakitaka ukali zaidi ya huo. Karne kwa karne wamebishana ni kitu gani mtu anaweza kukitumia bila kukimiliki. Ukisubiri wamalize, utaomba ukiwa na mvi.

Lakini naona umepiga pembeni ya shabaha. Unajua ninachoamini, maana nimekisema mezani mpaka dada yako ananimalizia sentensi: mtu haondoki utawani kwa kukosa kitu, anaondoka kwa sababu ya mtu. Ungeniuliza utaishi na nani, ningekujibu bila kuchota historia.

Na hapa ndipo inapokuja ile saa. Najua unaijua habari yake, ila unaijua kama anavyoisimulia mjomba wako, naye huisimulia akicheka.

Mjomba alikuwa mtu wa kuchelewa. Alichelewa ubatizo wako, na yeye ndiye aliyekuwa msimamizi. Padre alikuwa ameanza kututazama kwa jicho baya. Basi alipofika nadhiri za daima kwa hao Wafransisko, zile za kujifunga maisha yote, nikasema nitamnunulia saa. Saa nzuri, si ya kuharibika baada ya miezi miwili. Mkanda nikauchagua wa kahawia ili uende na kanzu. Bibi yako, na Utawa wake wa Tatu, ule wa Wafransisko walei, akaniambia: "Usimpe mtawa kitu utakachotaka kukiona tena." Nilimsikia vizuri. Nikampa saa.

Nilipokwenda kumtembelea, nikabisha hodi, mlango ukafunguliwa na bruda mwingine. Wa kwanza kunipokea hakuwa bruda, ilikuwa saa. Mkono wake wa kushoto, mkanda wa kahawia. Na huyo bruda nilimjua kwa barua tu: ndiye yule aliyekuwa akimkosoa mjomba wako kwa kila kitu, anavyoimba Zaburi, anavyokunja vitambaa vya altare, anavyofunga milango. Akaitazama saa yangu, akaniambia mjomba yuko bustanini na atachelewa kidogo.

Nilipompata ndugu yangu sikusalimia. Nikamuuliza, saa iko wapi? Akanieleza kwa upole, kama mtu asiyeona tatizo. Kabla ya nadhiri za daima alishaachia mali yake yote, na kwao chochote kinachomjia mtu baada ya hapo ni cha shirika. Saa aliipeleka kwa gwardiani, mkuu wa nyumba yao, jioni ileile niliyompa. Gwardiani akampa bruda wa kengele, kwa sababu wa kengele hakuwa na saa. Kisha akaongeza, na hili ndilo ninalolikumbuka: "Ndugu yangu aliihitaji."

Ndugu yangu! Mwanangu, mimi ndiye ndugu yake. Tulinyonya ziwa moja. Na alilitamka neno hilo juu ya yule mkosoaji wa Zaburi kwa sauti ileile anayonitajia mimi. Saa ningeisamehe. Hiyo sauti ilinikaa rohoni.

Baada ya chakula nikaanza kuona upande mwingine. Kama saa iko kwa mpiga kengele, basi saa yangu ndiyo inayomwamsha mjomba wako kila siku kwa Masifu ya Asubuhi. Nilitaka awahi, na anawahi. Nikafurahi. Halafu nikasema hapana, hiyo ni hesabu ya kujifariji. Tangu hapo nimekuwa upande huu na ule, na hata leo sijahama kabisa upande wowote.

Baadaye bibi yako alinionyesha sura ya sita ya Kanuni. Nakusihi uisome mwenyewe, maana humo ndimo yalimo mambo yote mawili. Inaanza kwa kusema ndugu wasijitwalie chochote. Halafu, kabla sura haijaisha, inasema kila mmoja amweleze mwenzake hitaji lake kwa uhuru, kwa maana ikiwa mama humlea na kumpenda mwanawe wa mwili, si zaidi sana mtu ampende na kumlea ndugu yake wa kiroho? Zaidi ya mama! Nilifunga kitabu. Ila ukiacha hasira yangu pembeni, utaona kwamba kwa Fransisko kutokuwa na kitu na kumtegemea ndugu ni jambo moja. Asiye na akiba atamwendea nani, kama si mwenzake? Ndiyo maana mwenye kuhesabu magari tu amesoma nusu ya sura. Na huyo mwenzake hakumchagua. Katika Wasia Fransisko anasema Bwana alimpa ndugu. Alipewa, kama sisi tulivyopewa wewe na dada yako bila kuulizwa mpangilio.

Alipenda sana mambo ya akina mama, huyo mtu. Kwa ndugu waliotaka kukaa upwekeni alipanga wawe watatu au wanne: wawili wawe akina mama wa kushughulika kama Martha, na hao wengine wawe wana, wakae na sala kama Maria, na baadaye wabadilishane zamu. Wanaume wazima wanapeana zamu ya kuwa mama. Alipokuwa anakaribia kufa alimwitia Bibi Jacopa wa Roma amletee vile vitamu vya lozi alivyozoea kumtengenezea alipokuwa mgonjwa huko. Mtakatifu wa ufukara anaagiza vitamu! Mjomba wako hapo hukaa kimya. Mimi ndipo ninapompenda Fransisko zaidi.

Watu wa kwao Fransisko, hata hivyo, sikubali wanavyosemwa. Kila mahubiri baba yake, Pietro Bernardone, ni mtu mbaya. Lakini vile vitambaa Fransisko alivyoviuza mjini Foligno pamoja na farasi, ili kanisa la San Damiano litengenezwe, vilikuwa vya nani? Vya baba. Mwaka 1206 kijana anavua nguo zote mbele ya askofu, anamrudishia baba, anasema kuanzia sasa atasema Baba yetu uliye mbinguni. Watu wanalia kwa ibada. Nami nalia, ila namtazama mzee aliyebaki na nguo mikononi. Na mama yake, Pica, ndiye aliyemfungua kijana alipofungiwa nyumbani, wakati mume yuko safarini. Alimfungua akijua mume atarudi na kumgombeza, na akagombezwa kweli. Nani anamhubiri huyo? Naye mama wa Mtakatifu Klara, yule mwanamke wa Assisi aliyemfuata Fransisko, alikuwa na namna yake: mama huyo, Ortolana, aliwafuata binti zake kwenye monasteri ya San Damiano akaishi chini ya Klara, bintiye, akiwa ndiye mkuu wake. Usiogope, mimi sina mpango huo.

Nilikuwa nasema kuhusu mtu. Kuna kiongozi mmoja wa ndugu aliyemlilia Fransisko kwamba walio chini yake wanamchosha, wanamzuia hata kumpenda Mungu, bora aende zake upwekeni. Fransisko akamwandikia awapende hivyohivyo walivyo, wala asitake wawe Wakristo bora zaidi, na alihesabu kuwa hilo litamfaa kuliko upweke. Hebu fikiri kauli hiyo. Hasemi wavumilie mpaka wabadilike, anasema usitake. Mimi ninayemtaka baba yako aache kusoma gazeti mezani, nimeshindwa hata ukurasa wa kwanza wa barua hiyo. Sasa wewe, ambaye ukiwa mdogo ulihama chumba kwa sababu mwenzako anapumua kwa sauti, umejiuliza kuhusu gari?

Kwa hiyo utakapokwenda kukaa nao zile siku za kuwaona, tazama mzee mgonjwa wa nyumba ile analishwa na nani, na kama anayemlisha ana haraka. Sikiliza wanavyomtaja ndugu asiyekuwapo mezani. Hilo la pili ndilo kubwa. Kuhusu gari, uliza tu ufunguo unakaa wapi. Ukikaa mahali pa wote, hilo ni gari. Ukikaa mfukoni mwa mtu mmoja, hapo uliza zaidi.

Hata hivyo usiende kumwambia mtu kwamba mama kasema vitu si kitu. Klara angenikemea vibaya. Papa Gregori IX alimtaka apokee mali kwa usalama wa watawa wake, akamwahidi kumfungua na nadhiri kama ndiyo inayomzuia. Klara akajibu kwamba anaomba kufunguliwa dhambi, si kufunguliwa na kumfuata Kristo. Alidai kwa miaka mingi haki ya kutomiliki, na Kanuni yake ilithibitishwa na Papa Inosenti IV tarehe 9 Agosti 1253, akafa siku mbili baadaye. Mwanamke hafii kwenye jambo ambalo si kitu. Na Fransisko anapoanza Wasia wake haanzi na fedha, anaanza na wenye ukoma: kwamba kuwaona kulimtia uchungu, Bwana akampeleka kati yao, na uchungu ukageuka utamu. Basi, kama nyumba ya ndugu ina starehe kiasi kwamba maskini anaona haya kubisha hodi, swali lako lina haki yote na mimi ninalirudisha kama lilivyo. Ninachokataa ni wewe kulitumia kama kipimo cha pekee, kwa sababu ni kipimo kinachokuruhusu kuwapima wao huku wewe umekaa.

Naam. Nimekuwa mkali.

Hukuniuliza kama uende au usiende, nimeliona hilo, na baba yako ameliona pia. Jibu ninalo. Liko tayari kabisa, na limekaribia kunitoka mara kadhaa katika kurasa hizi. Kinachonizuia ni karatasi ndogo iliyohifadhiwa katika kanisa kuu la Spoleto, aliyoiandika Fransisko kwa mkono wake mwenyewe kumpelekea Ndugu Leo. Anasema: "Naongea nawe, mwanangu, kama mama." Kisha anamwambia kwamba kwa namna yoyote itakayoonekana bora kwake kumpendeza Bwana na kufuata nyayo na ufukara wake, afanye hivyo kwa baraka. Na kama anahitaji kuja kwake, basi aje. Haamui kwa niaba yake. Mwanamume asiyezaa amejua kufunga mdomo kwa mistari michache, na mimi niliyezaa niko ukurasa wa tano.

Basi nafunga, kwa shida. Nitasema tu kwamba sheria ya Kanisa ina subira kuliko mimi: unovisi, yaani kipindi cha majaribio, usiopungua miezi 12, nadhiri za muda zisizopungua miaka 3, ndipo za daima. Katika muda wote huo wao wanakutazama na wewe unawatazama, na hakuna aibu kwa atakayesema hapana.

Dada yako anauliza kama anaweza kuhamia chumba chako, kina dirisha kubwa. Nimemwambia chumba kina mwenyewe mpaka nadhiri za daima. Usilichukue hilo kama jibu.

Mama yako